Kuwa Mhasibu wa Fedha za Umma na za Hisani: Mwongozo kwa Anayeanzia Dar es Salaam

Kabla hujaandika barua yako ya kwanza ya kuomba kazi, jiulize fedha utakazozitunza zitakuwa za nani. Mhasibu wa duka la jumla Kariakoo anamtumikia mwenye duka, na mwenye duka akiamua kumsamehe mteja deni, au kuchukua fedha za mauzo kwa ajili ya harusi ya binti yake, daftari litaonyesha tu kwamba mwenye mali amechukua mali yake. Mhasibu wa halmashauri hana mwenye mali wa namna hiyo. Fedha anazozishika zimetoka kwenye ushuru wa mama anayeuza samaki Feri na kwenye kodi za kampuni, zimepitishwa na Bunge au na Baraza la Madiwani kwa kazi iliyotajwa, na hakuna mtu mmoja, hata aliye juu yake, mwenye haki ya kuzibadilishia matumizi kwa neno la mdomo. Mhasibu wa shirika la hisani yuko katika hali hiyo hiyo: aliyetoa yuko mbali, aliyekusudiwa kupokea pengine hajui hata kiasi kilichotolewa kwa jina lake, na katikati yao amesimama mtu mmoja mwenye leja.

Nimefanya kazi pande zote mbili hapa jijini, kwanza katika halmashauri, kisha katika asasi za kiraia, na ninaona vijana wengi wakiingia huku wakidhani kwamba huu ni uhasibu uleule wa chuoni wenye mshahara wa uhakika zaidi. Kanuni za kudebiti na kukrediti ni zilezile, lakini ushahidi unaodaiwa nyuma ya kila tarakimu ni mzito zaidi. Mtunza fedha mmoja mzee aliyenipokea kazini alikuwa na desturi ya kuinua hati ya malipo niliyoiandaa, kuitazama mbele na nyuma, kisha kuniuliza, "Mwanangu, mkaguzi akiisoma hii nawe umeshahamishiwa Kigoma, itamweleza yote?" Jibu likiwa hapana, alinirudishia bila neno lingine. Hatua zinazofuata nimeziandika nikiwa na swali lake kichwani.

Hatua ya kwanza: Ijue nyumba unayotaka kuingia

Serikali si mwajiri mmoja. Kuna wizara na idara zinazojitegemea, ambazo makao yake makuu yako Dodoma. Kuna sekretarieti za mikoa. Kuna halmashauri 184 nchi nzima, tano kati yake zikiwa hapa mkoani, yaani Jiji la Dar es Salaam na manispaa za Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni. Na kuna mashirika na wakala za umma, ambayo mengi bado yana ofisi kubwa hapa, kama vile Mamlaka ya Bandari na Hospitali ya Taifa Muhimbili. Anayeomba kazi ya serikali kwa sharti la kubaki Dar es Salaam ajue mapema kwamba anaweza kupangiwa popote, na kwamba kwa mhasibu anayeanza, halmashauri ya wilaya iliyo mbali mara nyingi humfunza mengi kwa haraka kuliko ofisi kubwa ambako atapewa kipande kimoja tu cha kazi kwa miaka mitatu.

Katika kila taasisi ya umma yupo Afisa Masuuli, ambaye wizarani ni Katibu Mkuu na katika halmashauri ni Mkurugenzi, na huyo ndiye anayejibu kuhusu matumizi mbele ya kamati za Bunge: PAC, yaani Kamati ya Hesabu za Serikali, kwa Serikali Kuu na mashirika, na LAAC, Kamati ya Hesabu za Serikali za Mitaa, kwa halmashauri. Chini yake yupo mhasibu mkuu wa taasisi, au Mweka Hazina katika halmashauri. Pembeni, si chini ya mhasibu, kipo kitengo cha ukaguzi wa ndani. Nje ya wote hao yupo Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ambaye wengi humwita CAG, aliyewekwa na Ibara ya 143 ya Katiba na ambaye ofisi yake inafanya kazi kwa Sheria ya Ukaguzi wa Umma ya 2008. Kwa hiyo milango ni mitatu: uhasibu wenyewe, ukaguzi wa ndani, na ukaguzi wa nje katika Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi. Mhasibu hufunga siku yake kwa kulipa na kuandika, mkaguzi wa ndani hutafuta udhaifu kabla haujawa hasara na kumweleza bosi ambaye pengine hataki kuusikia, na mkaguzi wa nje husafiri sana. Chagua kwa kuitazama tabia yako kwa unyofu, kwa maana nimeona wahasibu hodari waliohangaika miaka mingi katika ukaguzi kwa sababu tu hawapendi kubishana.

Upande wa hisani, jambo la kwanza kulielewa ni kwamba jina "shirika" linaficha aina nyingi za vyombo. Mashirika yasiyo ya kiserikali husajiliwa chini ya sheria ya mwaka 2002 kwa Msajili aliye katika wizara inayoshughulikia maendeleo ya jamii. Jumuiya, zikiwemo za kidini, husajiliwa na Msajili wa Jumuiya katika Wizara ya Mambo ya Ndani, bodi za wadhamini husajiliwa RITA, wakala wa usajili, ufilisi na udhamini, na kampuni zisizogawana faida huanzia BRELA, wakala wa usajili wa biashara. Sheria tofauti huzaa taarifa tofauti, kwa wasajili tofauti, na mhasibu asiyejua mwajiri wake amesajiliwa wapi hawezi kujua anadaiwa nini kila mwaka.

Hatua ya pili: Masomo na Bodi

Vyuo havikosekani hapa. Taasisi ya Uhasibu Tanzania iko Kurasini, Chuo cha Usimamizi wa Fedha kiko katikati ya jiji katika Mtaa wa Shaaban Robert, Chuo cha Elimu ya Biashara kipo tangu 1965, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina shule yake ya biashara pale Mlimani. Chuo Kikuu Huria kinamfaa anayefanya kazi mchana. Sitashindanisha vyuo. Ninachosisitiza ni kwamba mtihani wa kweli wa taaluma hii hautolewi na chuo.

Unatolewa na Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, NBAA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1972. Mitihani yake mikuu hufanyika Mei na Novemba, na mwenye shahada ya uhasibu kwa kawaida haanzii ngazi ya chini kabisa. Kufaulu ngazi ya mwisho peke yake hakukupi haki ya kuandika CPA, cheo cha mhasibu aliyeidhinishwa, mbele ya jina lako. Hilo linataka usajili, na usajili huo unataka pia uzoefu wa vitendo uliothibitishwa. Usisubiri hadi ufaulu masomo yote ndipo uanze kutafuta habari za usajili, maana Bodi ina daraja la usajili kwa wahitimu pia, na matangazo mengi ya kazi huuliza namba ya usajili.

Ushauri wangu ni huu: anza mitihani ya Bodi ndani ya mwaka mmoja baada ya kuhitimu, hata kama hujapata kazi, na hasa kama hujapata kazi. Kitabu kilichowekwa kando kwa miaka mitano hufunguliwa kwa taabu sana na mtu anayerudi Mbagala saa mbili usiku akiwa amesimama kwenye daladala, huku nyumbani kuna mtoto anayelia. Chagua masomo machache kila msimu kuliko kujiandikisha yote na kuyakosa yote.

Hatua ya tatu: Jifunze kusoma kazi za wengine kabla hujapewa yako

Hapa ndipo ningependa msomaji atumie muda mrefu, kwa sababu ni hatua isiyo na gharama na ni wachache wanaoifanya.

Kwa kawaida ripoti za CAG huwasilishwa kwa Rais mwishoni mwa Machi na kufikishwa Bungeni Aprili, kisha huwekwa wazi katika tovuti ya Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi, nyingine zikiwa kwa Kiswahili kizuri. Watu huzisoma kwa kutafuta majina ya walioharibu. Wewe zisome kama mwanafunzi wa udaktari anavyosoma majalada ya wagonjwa. Chukua ripoti ya Serikali za Mitaa, tafuta sura inayohusu mapato ya ndani, na kwa kila hoja, yaani kila kasoro iliyoibuliwa na mkaguzi, andika mambo manne katika daftari lako: ni karatasi gani ilikosekana, nani alipaswa kuiandaa, ni hatua gani ya udhibiti ambayo ingeliona kosa mapema, na ungelijibuje hoja hiyo kama ungekuwa Mweka Hazina. Mfano mzuri ni ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo halmashauri hukopesha vikundi, asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mwaka baada ya mwaka ripoti zimeeleza juu ya mikopo isiyorejeshwa. Anayesoma kwa haraka atasema vikundi si waaminifu. Anayesoma kwa makini atauliza kama kulikuwa na rejista ya wakopaji, kama marejesho yalilinganishwa na taarifa ya benki kila mwezi, na kama kikundi kilitembelewa kabla ya kupewa fedha.

Jifunze pia lugha ya hati za ukaguzi. Hati inayoridhisha haimaanishi kwamba hakuna fedha iliyopotea. Inamaanisha kwamba taarifa za fedha, kwa mambo ya msingi, zimeonyesha hali halisi kwa viwango vilivyowekwa. Halmashauri inaweza kupata hati inayoridhisha na bado ikawa na kurasa nyingi za hoja kuhusu manunuzi. Hati yenye shaka (hesabu ni sawa isipokuwa katika maeneo yaliyotajwa), hati mbaya (hesabu kwa ujumla hazionyeshi hali halisi), na mkaguzi kushindwa kutoa maoni (amekosa ushahidi wa kutosha) ni mambo matatu tofauti, na katika usaili nimewahi kuona mwombaji mwenye shahada ya daraja la kwanza akiyachanganya.

Viwango vyenyewe ni IPSAS, vya sekta ya umma, na serikali yetu inavitumia kwa namna inayotaka mapato yatambuliwe yanapostahiki na gharama zinapotokea, hata kama fedha taslimu haijaingia wala kutoka. Maana yake kwa vitendo ni hii: deni la mzabuni aliyeleta dawa mwezi Juni ni la mwaka wa fedha unaoishia 30 Juni, hata akilipwa Agosti. Ukiielewa sentensi hiyo kwa undani wake, pamoja na karatasi zinazohitajika kuithibitisha, umeelewa sehemu kubwa ya kazi ya kufunga hesabu za mwaka.

Baada ya kusoma, tafuta mahali pa kushika kazi. Mafunzo kwa vitendo ya chuoni mengi huishia kupanga mafaili, nami siwalaumu wanaowapa wanafunzi mafaili, kwa kuwa mfumo wa malipo haufunguliwi kwa mgeni. Lakini ukiwa mbele ya mafaili hayo, yasome. Chukua hati kumi za malipo zilizokamilika na uandike orodha ya viambatisho vya kila moja: dokezo la kuomba, idhini, hati ya ununuzi, hati ya kupokelea bidhaa, ankara, stakabadhi ya mashine ya EFD. Kama nafasi ya utarajali haipatikani, nenda msikitini kwenu, kanisani kwenu, au kwenye SACCOS ya mtaani, ukaombe kuwaandalia usuluhishi wa benki, yaani kulinganisha daftari lao la fedha na taarifa ya benki, wa miezi sita iliyopita bila malipo. Wengi watashangaa, kisha watakukubalia. Hakikisha mwenyekiti anakuandikia barua mwishoni, maana hiyo ndiyo itakayosimama kama ushahidi wa uzoefu wako.

Hatua ya nne: Kuomba kazi serikalini

Nafasi nyingi hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, na maombi hupelekwa kwa njia ya mtandao kupitia Ajira Portal. Fungua akaunti leo, hata kama hakuna tangazo linalokufaa, kwa sababu kasoro za nyaraka huchukua wiki nyingi kurekebishwa, na tangazo hudumu siku chache. Matangazo yenyewe hutaka maelezo binafsi yanayojitosheleza, barua ya maombi iliyosainiwa, cheti cha kuzaliwa, vyeti vya kidato cha nne na cha sita au vya mafunzo, na wadhamini watatu wa kuaminika. Hati za matokeo hazipokelewi mahali pa vyeti kamili. Aliyesoma nje ya nchi anahitaji uthibitisho wa vyeti vyake kutoka mamlaka za hapa nchini.

Kosa linalowaangusha watu wa kwetu kwa wingi ni majina. Cheti cha kidato cha nne kinasema Mwanahamisi Juma Salum, kitambulisho cha NIDA kinasema Mwanahamis J. Salumu, cha chuo kina majina mawili tu. Linganisha nyaraka zako zote herufi kwa herufi. Tofauti za kweli za majina hurekebishwa kwa hati ya kisheria iliyosajiliwa, si kwa kiapo cha haraka ulichoandikiwa asubuhi ya usaili.

Soma jina la cheo kwa makini. Mhasibu Daraja la II ni nafasi ya kuingilia kwa wenye shahada au sifa inayolingana nayo, na Mkaguzi wa Ndani Daraja la II ni kada nyingine kabisa, yenye majukumu yake. Barua yako ijibu majukumu yaliyoandikwa katika tangazo, moja baada ya jingine. Usaili huanza na mchujo wa kuandika, na wanaovuka huitwa kwa mahojiano. Ukifaulu na nafasi zikajaa, jina lako linaweza kuhifadhiwa katika kanzidata na kupangiwa kazi baadaye, kwa hiyo usibadilishe namba ya simu ovyo. Katika mchujo tegemea usuluhishi wa benki, udhibiti wa ndani, masurufu (fedha anazopewa mtumishi kwa kazi maalumu ili azitolee hesabu baadaye), taratibu za bajeti na Sheria ya Fedha za Umma ya 2001. Mifumo nayo ijue kwa majina na kwa kazi zake: MUSE kwa malipo na hesabu, GePG ambao ndio unaotoa ile namba ya malipo ambayo kila Mtanzania anaijua, PlanRep kwa mipango na bajeti, na NeST kwa manunuzi chini ya sheria mpya ya mwaka 2023. Hakuna atakayetarajia uwe umeingia ndani ya MUSE, lakini atatarajia ujue kwa nini anayeandaa malipo si anayeyaidhinisha.

Kuomba kazi hizi hakulipiwi. Anayekupigia simu akitaka fedha ili "asukume jina" ni tapeli, na kama ni mtumishi kweli, basi ni kosa chini ya sheria ya kuzuia rushwa ya 2007. Kijana anayeanza kazi ya kutunza fedha za umma kwa kutoa hongo ameshampa mtu kamba ya kumfunga nayo.

Hatua ya tano: Kuomba kazi katika mashirika ya hisani

Ofisi nyingi za mashirika ziko Mikocheni, Msasani na Masaki, lakini zilizo ndogo na zenye mafunzo mazuri zimetawanyika hadi Tabata na Mbezi. Sifa zinazotakiwa huandikwa kwa namna tofauti na za serikali: watauliza wafadhili uliowahi kuwaandikia taarifa, programu za kihasibu unazozifahamu, na uwezo wako wa kueleza bajeti kwa watu wasio wahasibu. Hili la mwisho lifanyie mazoezi kwa sauti. Katika mashirika, mhasibu hukaa meza moja na afisa wa miradi, na afisa huyo asipokuelewa atatumia fedha kwanza na kukuletea stakabadhi baadaye.

Kabla ya kusaini mkataba, mchunguze mwajiri kama atakavyokuchunguza. Omba kuona cheti cha usajili na hesabu za mwisho zilizokaguliwa. Uliza mshahara wako utatoka kwa mfadhili yupi na mkataba wa mfadhili huyo unaisha lini. Januari 2025 serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, na baadaye shughuli za USAID, shirika lake la misaada, kufungwa rasmi 1 Julai mwaka huo, watu wengi wenye uwezo mkubwa katika miradi ya afya hapa nchini walijikuta hawana kazi kwa sababu ambayo haikuhusiana hata kidogo na utendaji wao. Siandiki haya ili kumtisha mtu. Ninataka ajue tofauti ya shirika lenye wafadhili watano na akiba yake lenyewe na lile lenye mfadhili mmoja, na apange maisha yake kulingana nayo, ikiwemo kuhakikisha michango yake NSSF inafika kila mwezi na kuuliza mapema kuhusu kiinua mgongo.

Hatua ya sita: Ijue hesabu ya fedha zenye masharti

Fedha nyingi za hisani huja zikiwa zimefungwa kwa kazi maalumu. Nitaeleza kwa mfano wa kodi ya pango, kwa sababu hapo ndipo nilipoanguka mwenyewe.

Tuseme shirika limepanga ofisi kwa shilingi 2,000,000 kwa mwezi na lina miradi miwili, mmoja wa maji na mwingine wa elimu. Mwenye nyumba hapewi 2,000,000 zote: asilimia 10, yaani 200,000, ni kodi ya zuio inayopelekwa TRA kwa jina lake, naye hupokea 1,800,000 na cheti cha zuio. Gharama ya shirika inabaki kuwa 2,000,000. Sasa, nani aibebe? Karatasi za muda wa kazi zinaonyesha kwamba mwezi huo wafanyakazi walitumia asilimia 60 ya muda wao katika mradi wa maji na 40 katika wa elimu. Basi maji wabebe 1,200,000 na elimu 800,000. Lakini bajeti ya maji kwa pango ni 1,000,000 tu kwa mwezi, na bajeti ya elimu ina nafasi ya kutosha. Kishawishi ni kuhamishia zile 200,000 zilizozidi kwenye elimu, kwa kuwa "fedha zipo". Hairuhusiwi. Mfadhili wa elimu alitoa fedha kwa ajili ya elimu, na mzigo wa maji hauwi wa elimu kwa sababu kasma, yaani fungu hilo la bajeti, ina salio. Pengo hilo linabebwa na fedha huru za shirika, zile zisizofungwa na masharti ya mfadhili, au mfadhili wa maji anaombwa kwa maandishi akubali marekebisho ya bajeti kabla ya matumizi.

Mimi, katika mwaka wangu wa kwanza kwenye shirika moja, nilibebesha mfadhili mmoja mshahara wote wa dereva kwa miezi minane, kwa kuwa bajeti yake ilikuwa na neno "dereva", wakati gari lilihudumia miradi mitatu. Daftari la safari za gari lilikuwepo, sikulifungua. Mkaguzi alilifungua siku ya pili. Sehemu kubwa ya fedha ile ilikataliwa, na shirika likairejesha kutoka kwenye akiba yake ndogo, akiba ambayo ilikuwa imetengwa kununua madawati. Bado naikumbuka sura ya mkurugenzi aliponisomea barua ile bila kupandisha sauti.

Kuna mambo mengine ya kuyashika katika hatua hii, nami nitayapitia kwa ufupi. Kodi ya mishahara hupelekwa TRA ndani ya siku saba za mwezi unaofuata. Shirika la hisani halisamehewi kodi ya mapato kwa sababu tu ni la hisani. Linapaswa kutambuliwa hivyo na TRA. Kanuni za mashirika za mwaka 2018 zinataka mikataba ya fedha inayozidi shilingi milioni 20 ipelekwe kwa Msajili ndani ya siku 10, na mara nyingi mhasibu ndiye pekee ofisini anayekumbuka. Kila mfadhili na awe na namba yake katika chati ya akaunti, yaani orodha ya namba za akaunti zote za leja, tangu shilingi ya kwanza inapoingia, kwa sababu kazi ya kutenganisha fedha baada ya mwaka mzima haifanyiki kwa usahihi.

Hatua ya saba: Mwaka wa kwanza kazini

Serikalini utaanza kwa kipindi cha majaribio cha miezi 12. Tegemea mshahara wa kwanza kuchelewa kidogo na makato kuwa mengi kuliko ulivyodhani: kodi, mchango wa asilimia 5 wa PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, bima ya afya, na asilimia 15 ya mshahara wa msingi kwa aliyesomeshwa kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo. Usikope katika miezi mitatu ya kwanza. Mhasibu mwenye madeni ya riba mtaani ni mtu dhaifu mbele ya kila mwenye bahasha.

Kazi yako ya kwanza huenda ikawa masurufu. Afisa anachukua 1,500,000 kwa safari ya ukaguzi wa shule, anarudi, na marejesho hayaji. Mwenye cheo kikubwa ndiye huchelewa zaidi, na ni vigumu kwa kijana wa miaka 24 kumdai mtu anayemwamkia shikamoo kila asubuhi. Fanya hivi: tunza rejista yenye tarehe ya kutoka, tarehe ya kurejesha na kiasi; wiki moja kabla ya tarehe kufika, mkumbushe kwa maandishi na kwa adabu; siku ikipita, mwarifu mkuu wako kwa orodha ya wote waliochelewa, bila kumtenga mmoja. Orodha haina chuki na mtu. Na ombi jipya la masurufu likija kutoka kwa ambaye hajarejesha ya zamani, weka nakala ya rejista juu ya ombi hilo na ulipeleke kwa mwenye mamlaka ya kuamua.

Itafika siku utakapoambiwa ulipe jambo lisilo sawa. Mara nyingi agizo halitakuja kwa vitisho. Litakuja Ijumaa saa kumi jioni, kwa sauti ya upole, kwamba nyaraka zitaletwa Jumatatu. Usikatae kwa hasira wala usikubali kwa woga. Omba agizo hilo kwa dokezo la maandishi, andika chini yake kile kinachokosekana na kifungu kinachohusika, kisha lirudishe kwa njia ya kawaida ya kiofisi. Katika miaka yangu yote, madokezo mengi ya namna hiyo hayakurudi tena. Machache yaliyorudi yakiwa na sahihi ya mkubwa niliyapeleka kwa mkaguzi wa ndani kabla ya malipo, na hilo liko ndani ya taratibu.

Wakaguzi wakija, wapokee kama watu wenye kazi yao. Andaa majalada kwa mpangilio wa namba za hati, jibu kilichoulizwa, na kama karatasi haipo, sema haipo siku hiyo hiyo. Hoja iliyojibiwa kwa nyaraka wakati wa ukaguzi hufungwa pale pale, wakati ile iliyojibiwa kwa maelezo marefu bila kiambatisho husafiri hadi kwenye ripoti, na mwaka unaofuata huanza kuitwa hoja ya miaka ya nyuma. Kamwe usitengeneze karatasi ya leo na kuiandika tarehe ya jana. Nimewafahamu wenzangu walioondoka kazini kwa kosa hilo moja, wakati pengo lenyewe lingeisha kwa onyo.

Hatua ya nane: Kukabidhi

Uhamisho serikalini huja kwa barua, na mradi wa hisani huisha kwa tarehe. Siku yoyote kati ya hizo inaweza kukukuta, kwa hiyo jalada la makabidhiano lianze kutengenezwa mwezi wako wa kwanza. Liwe na usuluhishi wa benki wa mwezi wa mwisho, orodha ya masurufu ambayo hayajarejeshwa, wadai na wadaiwa kwa majina na umri wa madeni, rejista ya mali iliyohakikiwa kwa macho, vitabu vya stakabadhi vilivyotumika na ambavyo havijatumika pamoja na namba zake, na hoja za ukaguzi zilizo wazi pamoja na hatua iliyofikiwa kwa kila moja. Keti na anayepokea, hesabuni pamoja fedha taslimu na vitabu mbele ya shahidi, na nyote watatu mweke sahihi. Nakala moja ibaki ofisini, ya pili achukue anayepokea, na ya tatu uondoke nayo wewe, uiweke nyumbani pamoja na vyeti vyako.